Swichi ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya dawa za mama: saa, kidonge, amekula, hajala. Kurasa nne za mwanzo ziko hivyo. Kuanzia leo nitaandika na ya kwangu, maana nimeshinda nikiongea tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na koo limegoma. Mkono bado una nguvu.

Ni siku yangu ya kwanza kufanyia kazi nyumbani. Napokea simu za wateja wa kampuni ya umeme. Mtu akikatikiwa na umeme, friji yake ikiungua, au akitaka tu wa kumtukana, ananipata mimi. Miaka sita nimetukanwa ofisini, sasa natukanwa chumbani kwangu. Na nimeomba mwenyewe. Mama alipata kiharusi mwezi wa kwanza, mkono wa kulia ukalala na ulimi ukalala. Daktari alisema mkono utaamka wenyewe polepole, lakini ulimi unataka watu. "Ongeeni naye. Mlazimisheni ajibu, hata neno moja. Msipomwongelesha miezi hii ya mwanzo, msije kunilaumu baadaye."

Mdogo wangu, fundi cherehani, alitaka mama akae kwake. Tulizozana mbele ya mama kama vile hayupo. Nikamwambia, "Kwako kuna cherehani tano, redio, na wateja wanaobishana kuhusu vipimo. Mgonjwa atapumzika saa ngapi? Mimi nitakuwa nyumbani kutwa."

Akasema, "Haya Chiriku, umeshinda." Chiriku ni jina alilonipa mama utotoni, kwa sababu nilikuwa sinyamazi hata nikiwa na chakula mdomoni. Nilirudi nyumbani na mama nikijiona mtoto mwema.

Jumanne, 5 Machi

Masharti yamefika. Mteja asisikie nyumba. Kila sauti ya nyumbani itakayosikika kwenye simu inakatwa alama tano: mtoto, sufuria, mlango, jogoo. Simu zote zinarekodiwa. Alama zikishuka chini ya themanini kwa mwezi, napewa onyo. Zikishuka mwezi wa pili, sina kazi.

Wameleta na hedfoni mpya, zinaziba masikio kabisa. Nikizivaa sisikii kitu ila mteja. Ila kile kipaza sauti chake kinasikia kila kitu, mpaka mtu akijikuna sebuleni.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Chumbani kwangu bati linapiga kelele kuliko wateja, kwa hiyo nimehamia stoo, yenye dari. Meza imekaa kati ya makopo ya rangi ya mume wangu na godoro la wageni. Mume wangu ni fundi rangi, na mvua ikianza yeye anakuwa mtu wa nyumbani. Stoo imepakana na chumba cha mama, ukuta mmoja tu, kwa hiyo nitakuwa naye karibu zaidi. Nimefurahi.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumba imejifunza. Mume wangu ametia mafuta bawaba zote. Sufuria zinaoshwa baada ya saa kumi na moja. Mwanangu wa darasa la nne akirudi shule anavua viatu nje. Zamani alikuwa akiingia moja kwa moja kwa bibi yake kumpa habari za darasani, nani kapigana, nani kalia. Nilimwambia amwambie polepole. Sasa anamchorea.

Mama alinigongea kikombe kwenye chuma cha kitanda akitaka maji, na mteja akauliza, "Dada, uko gereji?" Alama tano. Nimempa kikombe cha plastiki.

Jumatano, 13 Machi

Mume wangu leo kanifurahisha. Amevuta waya kutoka chumba cha mama hadi stoo, upande wake swichi, upande wangu taa ndogo nyekundu pembeni ya kompyuta. Mara moja ni maji, mara mbili ni choo, mara tatu ni njoo. Mama alielewa kabla hata hatujamaliza kumweleza. Alibonyeza mara moja, nikamletea maji, akabonyeza tena, nikaja tena mbio, akacheka. Kicheko hakina sauti, mabega tu yanacheza, lakini kilikuwa kicheko.

Nikamwambia mume wangu, "Wewe ni mhandisi uliyepotelea kwenye rangi."

Akasema, "Andika hiyo, nitaihitaji siku tukigombana." Nimeiandika.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Simu tisini na nne. Maji mara tatu, choo mara mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Kliniki. Muuguzi wa usemi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliniuliza, "Anaombaje maji?"

Nikamweleza habari ya swichi, kwa maringo kidogo, kusema kweli. Akaweka kalamu chini.

"Na akitaka kusema jambo lisilo maji wala choo?"

"Anabonyeza mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu nikimaliza simu naenda."

"Ukifika, anakuambia nini?"

Nikamwambia kuwa mimi nina kazi. Akasema na yeye anaona nina kazi. Njia nzima nilikuwa namsema moyoni. Watu wa hospitali hushauri kama vile wengine hatuna mabosi. Mama alikuwa ameegemea dirisha la gari akitazama maduka, na ni kweli, tangu kliniki hadi nyumbani sikumsemesha. Nilikuwa nagombana na muuguzi.

Jumatatu, 25 Machi

Mume wangu siku hizi akimaliza kunywa chai anaondoka kwenda kwa kinyozi kucheza drafti hadi jioni. Nikamuuliza, kinyozi ana nini ambacho hapa hakuna?

"Anaongea," akasema. "Hapa hata kuku wanaomba ruhusa."

Nikamwambia jioni huwa naongea. Akasema, "Jioni unarudi na sauti iliyobaki kwenye sufuria. Ile nzuri wameimaliza wenye giza." Wenye giza ndiyo wateja wangu. Nilicheka, kisha sikucheka. Ni kweli kwamba kutwa nzima mama anasikia ukutani nikisema "mpendwa mteja, pole sana, tunakusikia," na nikitoka huko namwambia, "Umekula?"

Alhamisi, 28 Machi

Umeme ulikatika eneo zima, saa nne hadi saa nane. Nguzo imeanguka. Kompyuta yangu ina betri ya kampuni, kwa hiyo sikupata hata ahueni. Simu mia moja na thelathini. Mume wangu kwa kinyozi, mtoto shuleni. Mama hakuniita hata mara moja, Mungu ambariki. Katulia kama maji mtungini.

Jumanne, 2 Aprili

Umeme tena, saa tatu nzima. Mama hakuita.

Jumatano, 3 Aprili

Umeme tena. Vivyo hivyo.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo si siku ya kazi. Nilikuwa nakunja nguo, mwanangu akaja akainama sikioni kwangu akaninong'oneza kwamba penseli yake imekatika.

Baba yake akasema, "Sema tu, mwanangu. Leo mama yako yuko nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye hakukusudia kufanya mzaha.

Jumanne, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa kumi na mbili jioni. Simu hazikupumua. Saa nane nilipata dakika kumi za kula, nikala hapohapo stoo mkate mkavu, hedfoni masikioni, nikitazama taa ya mama. Haikuwa inawaka. Nikajiambia amelala.

Saa kumi na moja nikavua hedfoni, nikaenda. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, amekaa, mgongo kwenye ukuta wa stoo, upande wangu hasa. Amejikojolea. Kanga imekaukia mwilini, maana yake ni saa nyingi. Swichi ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto na kidole gumba kilikuwa kinabonyeza. Mara tatu, anapumzika. Mara tatu, anapumzika. Hata nilipopiga magoti mbele yake aliendelea kubonyeza.

Taa ile inatumia umeme wa ukutani. Napokea simu za kukatika umeme kwa miaka sita, najua vipimo vya nyaya na majina ya transfoma, na halikunijia kichwani kwamba umeme ukikatika, taa ya mama haiwaki.

Nilimwosha. Nilimbadilisha. Kisha mume wangu akarudi na harufu ya dawa ya kinyozi, nikammalizia yote. Kwamba yeye ndiye aliyefunga waya. Kwamba mwanaume mzima anashinda akisukuma vizibo vya soda huku mama wa watu yuko sakafuni.

"Mimi nilikuwa mtaa wa tatu," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini!"

"Ulikuwa ukuta mmoja, mke wangu. Ukuta mmoja."

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonichoma, kwa sababu haikuwa adabu. Amezoea tu. Tunagombana kwa kunong'ona hata baada ya saa kumi na moja. Mwanangu alikuwa mlangoni na daftari lake la michoro, akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akaenda zake bila viatu.

Alhamisi, 11 Aprili

Swichi sasa ina betri yake. Tumeijaribu umeme ukiwa umezimwa, taa imewaka. Tatizo limekwisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Maji mara mbili, choo mara mbili. Mara tatu, hakuna.

Jumatano, 17 Aprili

Msimamizi wangu alinipigia saa tano. Ni kijana mpole, hajawahi kunivunjia heshima. Akasema, "Dada, tumepitia rekodi za siku zenye simu nyingi. Kuna siku nne zina kasoro ya aina moja. Sauti ya mtu nyuma."

Nikamwambia haiwezekani. Siku hizo nyumba ilikuwa tupu.

"Siku zenyewe ni ishirini na nane, mbili, tatu na tisa. Ni mtu mzima, mwanamke. Nikuwekee usikie?"

Akaweka ya kwanza. Kwanza ni mimi, sauti yangu ya kazini, laini: "Pole sana mpendwa mteja, mafundi wapo njiani." Nyuma yangu, mbali, kama mtu anayeng'oa kitu kizito ardhini: "Chi." Kimya. "Chi."

Akaweka ya pili. "Naomba namba ya mita yako, baba." Na nyuma: "Chiri. Chiri."

Ya tatu. "Tunakusikia, mama, endelea." Na nyuma, wazi, neno zima, kwa sauti ya mama yangu ambayo sijaisikia tangu mwezi wa kwanza: "Chiriku."

Ya nne ni ya tarehe tisa. Mteja alikuwa ananifokea kuhusu nyama yake iliyooza kwenye friji, mimi namwomba radhi, na nyuma yetu mama anasema, "Chiriku, njoo." Akasema tena. Akasema mara sita kwenye simu hiyo moja. Ya sita ilikuwa chini kuliko ya tano.

Nikamwomba msimamizi airudie.

Akairudia. Nikamwomba tena. Nikamwomba mara ya nne, akadhani natafuta pa kubishia. "Dada, rufaa haitasaidia. Sauti ipo wazi kabisa."

"Ipo wazi," nikamwambia.

"Siku nne, ishirini kamili, zote zimekatwa mwezi huu. Upo kwenye themanini. Mimi binafsi najua mambo ya nyumbani yalivyo, mimi pia nina mama. Lakini mfumo hauna mama. Hakikisha tu haijirudii."

Nikamwambia haitajirudia. Na ndiyo hivyo, haijajirudia, maana tarehe kumi na moja tuliweka betri. Siku nne giza lilimfundisha mama kusema, kutoka silabi moja hadi sentensi, peke yake, bila daktari, bila muuguzi wa miwani ya kamba. Mashine ya kampuni ilimsikia. Nyaya zilimsikia. Mteja mwenye nyama iliyooza alimsikia. Mimi niliyeomba kuja kukaa naye, nilikuwa nimeziba masikio, na nilipopata nafasi ya kutengeneza mambo nikatengeneza taa.

Kisha simu ikaingia, nikapokea. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Nikapokea, nikasema asante kwa kutupigia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeomba ruhusa ya siku mbili, nikasema naumwa. Asubuhi niliketi kitandani kwa mama, nikamwambia, "Mama, niite."

Akanitazama.

"Niite jina langu. Uliniita. Nimekusikia, nimechelewa lakini nimekusikia."

Akatafuta swichi. Nikaing'oa, waya na vyote, nikaitupa nje ya mlango. Nikarudi nikaketi. "Chiriku. Sema, mama. Chi."

Akainua mkono wa kushoto, akabonyeza ukutani, pale penye tundu la msumari ulioshika waya. Mara tatu.

Tulishinda hivyo hadi mchana. Nililia mbele yake, nikasema naye, nikamhadithia chochote, na sauti yangu kila mara ilikuwa inateleza kwenye ile ya kazini, pole sana, tunakusikia, mpaka mwenyewe nikaichukia. Mume wangu hakwenda kwa kinyozi. Alisimama mlangoni, mwishoni akasema, "Mpigie mdogo wako."

"Atafurahi," nikasema. "Atasema alijua."

"Acha afurahi. Wewe unataka mama aseme, au unataka aseme hapa?"

Nilichukua muda kujibu, na huo muda wenyewe ulinionyesha mimi ni mtu wa namna gani.

Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu amekuja na gari la kukodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake, na majibu nilikuwa nayo. Hakusema hata moja. Alisikiliza habari yote, ya swichi, ya rekodi, kisha akanivuta akanishika kichwa kama vile yeye ndiye mkubwa. Akasema, "Kwangu atapata makelele mpaka achoke." Nimemsema vibaya miaka mingi huyu mtoto.

Mama alipokuwa anaingizwa garini hakugeuka kuitazama nyumba.

Jumatano, 24 Aprili

Simu mia na moja. Alama za leo mia kwa mia. Msimamizi ameniandikia "hongera."

Jumatatu, 29 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu akipiga kelele juu ya cherehani zake. Mteja alivaa gauni lililoshonwa upande, wote wakamsifia ili asije akalirudisha, na mama kutoka kwenye kiti chake akasema, "Limepinda."

"Limepinda, Chiriku! Neno zima! Mteja kakasirika, nimemfumulia bure, na sijali!"

Nilimwambia nimefurahi. Nimefurahi. Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nilie, na hapo nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna mtu wa kunisikia. Mume wangu amepata ukuta wa kupaka, mvua imepungua.

Jumapili, 5 Mei

Nimekwenda. Chumba cha ushonaji kiko nyuma ya nyumba yake, dirisha linatazama kichochoro. Nilianza kumsikia kabla sijafika mlangoni. Si sentensi ndefu. "Leta huo. Si huo. Mwekundu." Mafundi wanacheka, mmoja anamwambia, "Bibi, wewe sasa ni msimamizi," naye anajibu, "Shona."

Nikaingia. Akaniona, uso ukamfunguka, akanyoosha mkono nikaushika. Na akanyamaza.

Mdogo wangu akamwambia, "Mama, mwambie Chiriku ulivyoniambia asubuhi." Mama akatabasamu, akatikisa kichwa. Mafundi wakazima cherehani wakidhani kelele ndiyo tatizo, ikawa mbaya zaidi. Nilikaa saa mbili. Nilimlisha ndizi. Alinipapasa mkono wakati wote, hana kinyongo nami hata kidogo, na hiyo ni ngumu zaidi kuibeba. Nadhani ananihurumia. Nadhani anaona mimi ni mtu anayehitaji kuwekewa ukimya, kama mwingine anavyowekewa kivuli cha jua.

Niliaga. Sijafika mwisho wa kichochoro nikamsikia tena: "Washeni."

Cherehani zikalia.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda tena, na mwanangu. Yeye aliingia mbele akikimbia, na mama akamwita jina lake lote. Walikuwa wanaongea mpaka nilipotokea mlangoni. Nilipotokea, wote wawili walinyamaza.

Jumapili, 19 Mei

Jua kali, njia zimekauka. Leo nilifika kichochoroni, nikasimama chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta. Mama alikuwa anawahadithia mafundi. Anatafuta maneno, mengine hayaji, anayaruka. Alikuwa anasema nilipokuwa mdogo niliongea hadi nikiwa usingizini, na kwamba baba yangu alikuwa akisema huyu mtoto atakuja kulipwa kwa mdomo wake. Mafundi wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Leo haji?"

Mama akasema, "Atakuja. Ana kazi nyingi."

Nilimsikiliza karibu saa nzima, hadithi tatu kamili. Nilikuwa nimemletea ndizi, nikaziacha kwenye kizingiti. Sikuingia.